Dizeli ya Chipsi Kuku

Jumatano ya Majivu tulitoka Mkuyuni asubuhi, mimi nikiwa nimekaa kati ya dereva wa Kosta na mama aliyetoka misa, majivu bado yako kwenye paji la uso. "Nani anakula kuku humu?" mama akafoka. "Hakuna, mama," dereva akajibu. "Ni harufu ya dizeli yangu. Naitengeneza kwa mafuta yaliyokaangiwa chipsi kuku. Haichafui hewa." "Haichafui! Mimi nimefunga, sijatia kitu mdomoni, wewe unanifukizia kuku njia nzima!" "Si tunaitunza milima yetu, mama?" "Kwani milima ndiyo iliyofunga?"

Mimi nilikuwa nimeshakunywa chai, na bado nilimeza mate.

Tulipofika Bigwa mafuta yakaisha. Dereva akashusha dumu la akiba, akalifungua. Mama akafanya ishara ya msalaba. Ndiyo kwanza saa tatu.