King'ora cha Mzee Nazari

Mbele ya kibanda cha baiskeli cha Hamphrey, upande wa pili wa stendi ya Mbinga, kuna benchi lililochongwa kwa gogo la mkaratusi. Ndipo kijiwe kilipo. Mama Restituta anaweka birika lake la kahawa ya kuuza hapo tangu saa mbili asubuhi, na wenye benchi hawamkawizi. Hamphrey mwenyewe, mtu wa Liuli, wanamwita Injinia kwa sababu hakuna kitu asichokijua kilivyotengenezwa, hata kile alichokiona jana. Bernadi ni Redio Mbao. Habari zote zinapitia kwake na hakuna inayotoka kama ilivyoingia. Isidori aliwahi kuwa mgambo miaka miwili, basi mpaka leo ni Kamishna. Wa nne ni Mzee Nazari. Alilinda ghala la kahawa la ushirika miaka ishirini na sita, kwa filimbi na rungu, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na walinzi wao wenye sare. Sasa yeye ndiye mtu wa kwanza mtaani kwao kufungiwa king'ora nyumbani, na Jumamosi ile wenzake walikuwa wamemkalia kooni.

— Baba Avelina, alianza Redio Mbao, juzi kimelia tena. Mimi nilikuwa nakula, tonge likanitoka mkononi.

— Juzi ilikuwa majaribio, alisema Nazari. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

— Juzi ilikuwa Alhamisi.

Nazari alikunywa funda moja kwanza.

— Alhamisi alikuwa mbuzi, alikiri.

Benchi zima lilicheka, na Mama Restituta akamwaga kahawa pembeni ya kikombe. Nazari hakukasirika. Binti yake Avelina, anayefanya kazi Songea, ndiye aliyeleta mtambo ule baada ya mama yake kuanza kuchoma sindano za kisukari. Alisema wazi: "Baba, wewe hukai nyumbani. Akipatwa na jambo, nani atajua?" Mafundi wakaja, wakafunga kijiboksi chenye namba mlangoni, vijicho viwili vya kunasa mwendo ukutani, king'ora juu ya paa, na kitufe chekundu ambacho Mama Avelina hukivaa shingoni pamoja na rozari yake. Kitu kikijongea mbele ya vijicho, au kitufe kikibonyezwa, habari inafika chumba cha ulinzi cha kampuni, nao wanapiga simu.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa aibu. Kililia kwa pazia. Kililia kwa kuku. Kililia kwa Nazari mwenyewe, aliyesahau namba zake mlangoni huku ameshika samaki wawili, mbasa, wanaochuruzika maji. Walinzi walikuja mara nne wakakuta amani. Mara ya nne kiongozi wao alimwambia kwa heshima kwamba wakiwa kwake bure, kuna nyumba nyingine wanaichelewa. Maneno yale yalimchoma, kwa kuwa alikuwa mlinzi na aliyajua. Kesho yake alikwenda ofisini kwao akakaa nusu siku akiuliza kila kitu.

— Sasa mimi nitawaambieni kinavyofanya kazi, alisema Injinia. Kile kinanusa joto la mwili. Mwizi ana joto zaidi ya mwenye nyumba, kwa sababu ya wasiwasi.

— Wapi! alidakia Kamishna. Kile kinasikiliza. Mnachosema mezani, wao wanaandika. Mimi serikali naijua.

— Si serikali, ni kampuni, alisema Nazari.

— Ndiyo hao hao, wamevua kofia tu!

Redio Mbao alisogea, akashusha sauti kama mtu wa kwenye maungamo.

— Mnazunguka bure. Waya ule wa paani umekaa kwenye njia yao. Wanaosafiri kwa ungo. Kila kikilia bila sababu, ujue mmoja ameukwaa.

— Saa saba mchana? aliuliza Mama Restituta.

— Kachelewa kurudi.

Nazari alicheka mpaka akakohoa. Kisha akawaeleza kwa sauti yake ya ghalani, polepole, kama anayemkabidhi mwenzake zamu. Kijicho kisitazame dirisha lenye pazia wala mlango wa kuku. Ukitaka kujaribu, wapigie kwanza. Neno la siri la kujitambulisha kwao halisemwi barabarani. Na ufunguo wa pili awe nao jirani anayeshinda nyumbani; kwake yeye ni Eunice, wa nyumba ya mbele.

— Na la mwisho, alisema, usiwaambie wasije kama hujaona kwa macho yako.

— Hata ukijua ni mbuzi?

Kabla hajajibu, simu ililia mfukoni mwake.

— Shikamoo baba Nazari. Hildegardi hapa, chumba cha ulinzi. Kitufe cha dharura cha nyumbani kwako kimebonyezwa. Nimempigia mama mara mbili, hapokei. Naomba neno lako.

Nazari alisimama, akawapa mgongo, akalitamka neno lile kwa kunong'ona. Redio Mbao alinyoosha shingo asiambulie kitu.

— Asante. Nisitishe, au niwatume?

— Mbuzi huyo! alisema Kamishna. Mwambie aache, watakukatia huduma hao!

— Kitufe kimebanwa na rozari, alisema Injinia. Nakuhakikishia.

Nazari aliwasikia. Aliona zile mara nne, aliona uso wa yule kiongozi wa walinzi, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Ilikuwa rahisi kusema sitisha. Alimwacha mke wake asubuhi akianika mahindi, mzima, akimtania kwamba benchi limemwoa. Lakini asubuhi ni asubuhi. Sasa hivi hakuwa amemwona.

— Watume, alisema. Na mpigie Eunice, ana ufunguo. Mimi nakuja.

Hakumaliza kahawa. Alichukua baiskeli ya mteja iliyokuwa imeegemezwa kibandani, akapanda bila kuomba, na mzee wa miaka sitini na minne akateremka ule mlima wa sokoni kama kijana anayekimbilia posa.

Alipofika, king'ora kilikuwa kinalia na mlango uko wazi. Eunice alikuwa amepiga magoti sakafuni jikoni, kichwa cha Mama Avelina kikiwa mapajani mwake. Mwanamke yule alikuwa amelowa jasho, midomo inatetemeka, macho yanatazama bila kuona. Sindano alichoma, uji ukaachwa juu ya jiko haujaguswa, na sukari ikamshuka.

— Anameza? aliuliza Nazari.

— Anameza, baba. Nimempa maji ya sukari kidogo kidogo.

Nazari alishika mkono wa mke wake. Kidole gumba chake kilikuwa bado kimekandamiza kitufe, kimekakamaa, ikabidi amfungue taratibu kama unavyomfungua mtoto aliyelala na kitu. Ndipo gari la walinzi lilipoingia uani. Hawakumkuta mwizi, na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Walimbeba mama wakampeleka hospitali, naye Nazari nyuma amemkumbatia.

Jumatano daktari alimruhusu. Jumamosi Nazari alirudi kijiweni, akakuta Redio Mbao ameshaikuza habari: walinzi kumi na wawili, na gari lililopaa juu ya daraja.

— Mimi nilimwambia asisitishe, Kamishna alikuwa akisema.

Nazari alimtazama, akatabasamu, akaliacha lipite.

Wakiwa katika hilo alikuja msichana mwenye sare ya bluu na daftari kwapani.

— Shikamooni wazee. Namtafuta baba Nazari. Mimi ni Hildegardi.

Nazari aliijua sauti kabla ya jina. Alisimama akampa mkono. Lakini wenzake walimgombania.

— Binti, tukate ubishi, alisema Injinia. Kile kinanusa au kinasikiliza?

— Au kinawaona wale wa ungo? aliongeza Redio Mbao.

Hildegardi aliwatazama mmoja mmoja, bila dharau.

— Hakifanyi vyote hivyo, baba zangu. Kinafanya niulize swali moja tu. Sasa hivi, nyumbani kwako nani yupo, na anaendeleaje?

Injinia alikumbuka nyumbani. Mama yake mzazi alikuwa amelala na homa tangu jana, na hakuwa amemjulia hali. Kamishna akaanza kufunga kamba za viatu vyake. Redio Mbao, ambaye habari zote zinapitia kwake, hakuwa na hii.

Nazari aliweka kikombe chini, akamuaga msichana, akaondoka. Injinia akafunga kibanda. Kamishna akasema anakwenda mara moja tu, anarudi. Redio Mbao alibaki wa mwisho, akakuna kichwa, naye akainuka.

Mama Restituta akatikisa birika. Lilikuwa limejaa zaidi ya nusu.