Ukingo Usiochujuka: Wasifu wa Mdogo Wangu, Fundi wa Rangi za Mawe

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, na ndimi niliyeombwa kusoma. Kamati ya mazishi ilikuwa imeshaandika wasifu mwingine, umejaa "tabasamu lake" na "upole wake", mpaka nikajiuliza wanamzika nani. Mdogo wangu hakuwa mpole. Alikuwa na dharau ya kutosha mtaa mzima, na mara nyingi alikuwa na haki nayo. Ukurasa huu nimeuandika mwenyewe na kuuchapisha asubuhi ya leo, ndiyo maana karatasi yake haifanani na zile nyingine. Yeye angeliona hilo kabla ya kusoma neno lolote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1966, katika chumba cha mwisho cha nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana ya mabehewa. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Baba yetu alikuwa fundi wa kupaka rangi mabehewa, na mama alikuwa akishona mapazia. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu wa kike alizaliwa amekunja uso, akautazama ukuta, na hakuupenda. Siwezi kuthibitisha. Ninachokumbuka ni kwamba baba akirudi na madoa mikononi, mtoto alikuwa akiyashika moja moja na kuuliza limetoka behewa gani.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza sekondari mwaka 1984. Akiwa darasa la tatu, mwalimu wa sanaa aliwaambia wachore mbingu. Wenzake wote walipaka buluu, yeye akapaka kijivu, na mwalimu akamwekea alama nyekundu ya mkasi karatasi nzima. Akasimama akasema, "Mwalimu, chungulia nje." Nje mvua ilikuwa inanyesha. Alichapwa, na alirudi nyumbani akiwa amebinua mdomo. Mdomo huo haukurudi mahali pake tena, na ndiyo picha mnayoiona kwenye jalada. Kamati ilitaka picha nyingine ya kucheka. Haipo.

Baada ya chuo cha ufundi alikosomea kupaka rangi, aliajiriwa Januari 1989 katika karakana ya kukata mawe ya kaunta. Kwa wale mnaodhani jiwe ni jiwe tu, nitaeleza alichokuwa akifanya. Granaiti nyeusi hutoka kiwandani uso wake ukiwa umenyweshwa dawa na rangi. Ukilikata jiwe ili likae jikoni, uso unabaki mweusi lakini ukingo mpya unatoka na sura yake ya kuzaliwa, kijivu, kama kisigino kisichopakwa mafuta. Kazi ya marehemu ilikuwa kuufanya ukingo ule ufanane na uso. Aliuosha, akauacha ukauke kabisa, akajaribu rangi kwanza kwenye kipande cha mabaki, kisha akaipaka kwa kitambaa, nyepesi, jiwe linywe, afute, arudie. Dawa ya kuziba vitundu ilikuja mwisho. Wapo mafundi waliokuwa wakitanguliza dawa ndipo wapake rangi, halafu wanashangaa rangi imekataa kuingia. Watu hao alikuwa hawasalimii.

Pia hakuiamini taa ya karakana. Kipande chake cha majaribio alikibeba mpaka jikoni kwa mteja, akakiweka kwenye kaunta, akakaa kwenye stuli kusubiri jua lizunguke lifike dirishani. Wenye nyumba walimletea chai wakidhani amechoka. Chai aliinywa, lakini maswali yao hakuyajibu.

Kwenye sherehe za watu ilikuwa aibu kwenda naye. Kabla hajaketi alikuwa ameshapitisha kidole chini ya ukingo wa kaunta, akakitazama, akanigeuzia macho. Mwenye nyumba akauliza, "Umeipenda?" Naye akajibu, "Nyumba ina hewa nzuri."

Alifunga ndoa tarehe 10 Oktoba 1992 na shemeji yangu huyu aliyekaa hapa, dereva wa lori. Walikutana siku shemeji alipoleta shehena ya mawe na kuligonga moja getini.

"Wewe, umelishusha au umelitupa?" marehemu alimwuliza.

"Samahani dada, kona imeguswa kidogo tu."

"Imeguswa? Imeng'oka! Wewe ni dereva au mponda kokoto?"

Aliisaga chembe iliyong'oka, akaichanganya na gundi, akaijenga kona upya na kuipaka rangi. Wiki iliyofuata shemeji alirudi kuomba radhi na akataka kuiona. Akalizunguka jiwe mara mbili, akainama, akavua kofia, mwisho akasema, "Dada, mimi sioni kitu." Marehemu aliniambia kwamba wanaume wote wa karakana ile walikuwa wakijifanya wanaona, na huyu ndiye wa kwanza kusema haoni. Akaolewa naye. Kwa miaka yote ya ndoa yao alimkumbusha ile kona, hata kwenye chakula, na shemeji alikuwa akicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia. Walijaliwa binti mmoja.

Sasa nifike pale ambapo kamati iliniomba nipite haraka. Mwaka 2009 karakana ilipata kazi ya jiko la mke wa daktari wa meno, ambaye alikuwa na wageni siku iliyofuata. Jiwe lilipotoka kwenye msumeno lilikuwa limelowa maji, na granaiti ikilowa huwa nyeusi tii. Mwenye karakana akaja, akautazama ukingo.

"Mbona umeshakuwa mweusi? Pakieni!"

"Ni maji hayo," marehemu alimwambia. "Yakikauka utaona. Niachie mpaka kesho kutwa."

"Wageni ni kesho, mama. Wewe na kesho zako."

Mtu aliyekuwa na karakana ya mawe kwa miaka ishirini alishindwa kutofautisha maji na rangi. Jiwe likafungwa jikoni, likakauka, ukingo ukawa kijivu. Badala ya kumwita fundi, mwenye karakana akatuma kopo la rangi ya viatu, wakasugua ukingo mpaka ukang'aa. Kesho yake mwenye nyumba akaegemea kaunta akiwa na gauni la rangi ya maziwa, akaondoka na mstari mweusi tumboni kama amefungwa mkanda. Mama mkwe wake naye akaegemea. Wageni waliofuata nao wakaegemea.

Mwenye karakana akasema mbele ya watu wote, "Ni yule mama na rangi zake," na akamfukuza kazi. Basi likawa ndilo jina lake mjini: fundi aliyechafua magauni. Lakini gauni lile lililetwa kwangu nilisafishe. Nililinusa. Rangi ya jiwe haina harufu ile, na ikishanywewa na jiwe haitoki kwa kuegemewa na tumbo la mtu. Lilikuwa linanuka kama viatu vya wanafunzi Jumatatu asubuhi. Nikamwambia mdogo wangu twende, tukamwumbue. Akabinua mdomo.

"Dada, siwezi kubishana na mtu asiyejua maji na rangi."

Tangu hapo alifanyia kazi barazani kwake, kaunta chache, vizingiti vya madirisha, na watu waliokuja walimtazama mikono kabla ya kumsalimia. Ilimuuma. Hakusema, lakini mimi ni dada yake, nilimwona. Ninaliandika hapa kwa sababu mwenye karakana yupo leo, safu ya mbele, amevaa suti na miwani ya mbao.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 2021. Madaktari walikuta mapafu yamejaa vumbi la mawe, kwa kuwa karakanani kwao mawe mengi yalikatwa makavu ili kazi iende haraka. Mwenye karakana alipoulizwa alisema ni kifua cha ukoo. Ukoo wenyewe ndio huu umekaa hapa, na tangu tuanze sijasikia hata mmoja akikohoa. Hospitalini marehemu alilazwa kitanda cha dirishani, na alimwambia muuguzi kwamba ukuta ule umepakwa makopo mawili tofauti, na anayebisha aje jua likishapanda. Muuguzi alikuja, akatazama, na tangu siku hiyo akawa anamletea kila kitu cha rangi apime.

Siku chache kabla ya mwisho aliniambia, kwa sauti ambayo haikuwa na nguvu tena ya kubeza mtu: "Wakiniletea jiwe, dada, pitisha kidole chini ya ukingo." Nilimwahidi. Alifariki tarehe 3 Septemba 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mumewe.

Jiwe la kaburi lililetwa juzi. Ni granaiti nyeusi, zawadi ya mwenye karakana, limechongwa maneno "Fundi Wetu Mpendwa." Kamati ilipiga makofi. Shemeji yangu, ambaye hana ubaya na mtu, alishukuru mpaka akatoa machozi, maana alitaka mkewe alale chini ya kitu kizuri. Mimi nilisubiri watu waondoke uani, nikatoa leso yangu nyeupe, nikaipitisha chini ya ukingo.

Nilimpelekea shemeji leso. Aliutazama mstari mweusi, akainusa. Alivaa kofia yake, akaenda kuwasha lori.

Kwa hiyo, mwenye karakana, ukirudi kazini utalikuta jiwe lako getini. Limeshushwa taratibu, pale pale shemeji alipoligonga lile la kwanza, na kona zake zote ni nzima. Shemeji amenihakikishia, na safari hii nimeangalia mwenyewe. Leso yangu iko juu yake. Usinirudishie.

Mdogo wangu ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili, na mimi, ambaye sina tena mtu wa kunigeuzia macho kwenye sherehe za watu. Nilimpenda sana, dharau zake na yeye mwenyewe. Juu ya kaburi lake tutaweka kile kipande chake cha majaribio, kilichokaa barazani kwake kikipigwa na jua na mvua tangu alipofukuzwa. Aliye na leso safi aje afute.

Apumzike kwa amani, fundi ambaye rangi yake haijamchafua mtu.