Mlango Usio na Kadena: Miaka Thelathini na Minne ya Fundi Ildephonse Kashindi

Tarehe 31 Desemba 1986, Fundi Ildephonse Kashindi anastaafu kazi katika Karakana ya Mulongwe, mjini Uvira, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Aliingia Januari 1953 akiwa amekwisha kujifunza useremala kwa baba yake. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa milango na madirisha, cheo ambacho hakikuwapo kabla yake na ambacho, kusema kweli, alijipa mwenyewe.

Wengine karakanani walitengeneza meza, vitanda, kabati na masanduku ya maiti. Ildephonse alikataa vyote hivyo. Meza haina adui, alisema, na kitu kisicho na adui hakimfundishi fundi. Alitaka kazi ya kufunga nyumba, na kazi hiyo aliianza kwa kumchunguza mwizi.

Mwizi wa Uvira ya wakati ule hakuhangaika na mlango. Nyumba zetu zilijengwa kwa matofali ya udongo mbichi, naye alikuja na ndoo ya maji, akalowesha ukuta kando ya fremu, akangoja udongo ulegee, kisha akang'oa fremu nzima na kuiegemeza pembeni, mlango ukiwa bado umefungwa vizuri. Mwenye nyumba aliamka akakuta kufuli lake zima na chumba kitupu. Mafundi waliposikia habari hizo waliongeza unene wa mbao. Ildephonse aliuacha mlango kama ulivyo, akaenda kuutengeneza ukuta.

Alizipa fremu zake miguu ya chuma iliyozama katika mawe ya mto. Alilaza waya wa miba kati ya safu za matofali, kutoka chini hadi usawa wa kiuno, ili anayechimba akutane nao gizani. Bawaba aliziweka upande wa ndani. Nondo za madirisha hazikupigiliwa misumari baada ya ujenzi. Zilisimama kwanza, na ukuta ukajengwa kuzizunguka. Lakini katika chumba cha kulala daima aliacha dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na pini ya ndani, kwa sababu moto nao hubisha hodi. Mteja aliyesema hana haja ya dirisha hilo aliambiwa akatafute fundi wa jela.

Hakuwa mtu wa kunyamaza, wala hatutadanganya leo kwa kuwa anastaafu. Kwenye harusi ya binti wa Norbert, mpaka rangi wetu, huko Kavimvira, alichelewa kuketi kwa sababu alikuwa akisukuma madirisha ya mwenyeji moja baada ya jingine. Moja likafunguka. Alilitangaza mbele ya wageni wote, pamoja na wale ambao haikufaa kabisa walisikie, na Norbert hakumsemesha hadi Pasaka.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, baadhi ya nyumba kubwa za kando ya ziwa ziliachwa na wenyewe, zikiwa zimefungwa kwa makufuli mazito ya nje, yale tunayoyaita kadena. Hazikudumu kabla wezi hawajaziingia. Ildephonse alizipitia moja moja, mikono nyuma, kama daktari katika wodi, akarudi karakanani na maneno ambayo tuliyasikia tangu siku hiyo hadi tukachoka: mwizi haogopi chuma, anaogopa mtu. Kadena ya nje inamwambia kwamba mtu hayuko.

Hapo ndipo alipotengeneza mlango uliompa jina. Ulifungwa kwa ndani na pingo la mti wa libuyu, mgumu kama mfupa. Aliyetoka alilivuta na kulirudisha kwa kupitisha mkono katika tundu la ukutani, nyuma ya tofali moja lisilotiwa udongo. Kila nyumba ilikuwa na tofali lake, na mwenyewe tu ndiye aliyelijua. Kwa nje hapakuonekana kitu. Mpita njia aliona mlango uliofungwa na mtu aliyeko ndani. Watu walimcheka. Walisema mlango bila kadena ni mlango wa choo.

Mmoja wa walioagiza mlango huo alikuwa Mama Marie-Rose, mjane aliyeshona nguo nyuma ya soko. Alikuwa na watoto watano na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, na watoto hao walikula, walivaa na kusoma kwa cherehani hiyo. Mlango aliupenda, ila uchi wa mlango huo ulimwaibisha. Kaka yake, baharia wa meli za Kigoma, alikuwa amemletea kadena ya shaba, kubwa, yenye kung'aa.

“Watu watasema nini?” alimwuliza Ildephonse. “Mujane hana hata kadena?”

“Mama, acha waseme. Ukiiweka inje, unamwambia mwizi: mwenyewe iko mbali, kaa, pumua, fanya kazi yako polepole.”

Aliiweka kadena sandukuni, lakini hakukubali.

Mwaka 1964 vita viliingia Uvira. Familia nyingi zilivuka kwenda Burundi. Ndiyo safari iliyomfikisha mwandishi wa mistari hii Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, ambako bado yuko. Ildephonse alibaki kwa sababu baba yake hakuweza tena kutembea. Marie-Rose alipanda milimani kwa wajomba zake, mtoto mgonjwa mgongoni na wengine wakimfuata. Cherehani haikubebeka. Aliisukuma chini ya kitanda, akalirudisha pingo kupitia tundu lake, akaweka tofali mahali pake. Hadi hapo alifanya sawasawa. Lakini sisi watu wa pwani hii hatuwezi kuiacha nyumba bila kuzungusha ufunguo na kusikia chuma kikilia. Akaitoa ile kadena, akapigilia pete mbili za chuma, akaitundika mlangoni.

Ildephonse aliiona siku iliyofuata. Mtaa ulikuwa karibu mtupu, na mtu mwenye ndoo ya maji alikuwa na nafasi ya kulowesha ukuta siku nzima. Ufunguo ulikuwa mlimani. Ilibidi kadena ikatwe. Lakini wapiganaji wa waasi waliokuwa wameshika mji walikuwa wametangaza kwamba atakayekutwa akivunja nyumba atapigwa risasi sokoni. Alifikiri, akachagua mchana kweupe, kwa hoja kwamba mwenye msumeno gizani hana cha kujitetea.

Aliyemwona kwanza ni jirani, Mama Georgette, mwuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

“Ildephonse, weye iko na akili kweli? Acha hiyo kadena, watakuua!”

“Nikiiacha, mama, ile cherehani haitafika kesho kutwa.”

Georgette alitukana kidogo, kisha akatoweka nyuma ya nyumba. Msumeno ulikuwa umefika nusu ya chuma wakati wapiganaji watatu walipokunja kona, bunduki mkononi.

“Weye! Unavunja nyumba ya nani?”

“Ya Mama Marie-Rose, chef. Sivunji nyumba. Ninakata kadena.”

“Na mwenyewe iko wapi?”

Mtu mwingine angesema ukweli. Lakini kusema kwamba mama amekimbia kungekuwa kuwapa watatu hao nyumba na cherehani. Ildephonse akajibu, “Iko ndani.”

Waliitazama kadena. “Iko ndani, na kadena iko inje?”

“Ndiyo sababu ninaikata, chef. Shemeji yake amemufungia.”

Mkubwa wao alikoki bunduki, akamwambia amwite huyo mama, na asipoitika, watakwenda naye sokoni. Ildephonse ameniambia kwamba wakati huo hakukumbuka hata sala moja. Aliita tu, kwa sauti isiyo yake, “Mama Marie-Rose!”

Na nyumba ikaitika.

“Munangoja nini?” ilipiga kelele. “Mukate haraka, niko na haja ya kwenda chooni!”

Georgette alikuwa amechuchumaa nyuma, mdomo kwenye nondo za dirisha la chumba cha kulala, na sauti yake ilipita vyumba vyote viwili hadi mlangoni. Wapiganaji waliangua kicheko. Mmoja alimshikia Ildephonse kadena isitikisike. Ilipokatika, mkubwa wao akausukuma mlango kwa bega. Haukutikisika.

“Mbona haufunguke?”

“Nifungue namna gani?” ilijibu nyumba. “Muko wanaume wane mulangoni kwangu, na miye sijavaa! Muondoke kwanza! Hamuna mama?”

Wakaondoka. Ildephonse aliketi kizingitini kwa muda mrefu, kadena iliyokatwa mapajani.

Tangu siku hiyo Georgette aliendelea na kazi. Kila asubuhi alifagia ua wa Marie-Rose, akaanika kitenge kimoja kwenye kamba, akawasha moto kidogo katika jiko la nje. Kisha alisimama dirishani na kugombana na mtu asiyekuwapo: kwa nini anachelewa kuamka, kwa nini hajarudisha sufuria. Ildephonse alifanya zamu yake kwa kupita na kuomba maji ya kunywa kwa sauti kubwa. Nyumba za jirani zililoweshwa na kuchimbwa, nyingine mara mbili. Ile haikuguswa na waasi wala na wanajeshi waliokuja baada yao.

Marie-Rose alirudi vita vilipotulia, na watoto wote watano. Alikuta Georgette dirishani akimfokea. Alipitisha mkono katika tundu lake, akafungua, akaiona cherehani chini ya kitanda, akalia. Kisha akapangusa uso, akamgeukia Ildephonse.

“Kadena yangu iko wapi?”

Iko karakanani, juu ya benchi la Fundi Ildephonse, imekatwa, nayo ndiyo somo la kwanza la kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake. Wanafunzi hao leo wanafunga nyumba kutoka Kamanyola hadi Baraka, na ukikuta dirisha la chumba cha kulala lenye pini ya ndani, ujue limetoka kwake. Mama Georgette alifariki mwaka 1979. Sanduku lake la maiti ndilo pekee ambalo Ildephonse amewahi kulitengeneza, kwa libuyu, na hakumruhusu fundi mwingine aguse hata msumari.

Karakana inamshukuru kwa milango aliyotuachia na kwa kelele alizotupigia ili tuitengeneze vizuri. Shati jeupe alilovaa leo limeshonwa na Mama Marie-Rose kwa cherehani ile ile. Tunamwomba mama, kwa heshima ya sherehe, asiulize leo habari za kadena.

Nawe, Fundi, nenda ukapumzike kwa amani na afya. Miaka yako iliyobaki iwe mirefu na mitulivu, na kila utakaporudi na kuita mlangoni, akuitikie mtu aliyeko ndani kweli.