Asubuhi Zilizoishia Mlangoni

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu. Na wenzetu mliotoka kanisani mkapitia hapa, hamjambo nyote. Nimeambiwa niseme kwa ufupi. Mnaonijua mmeshaanza kucheka, kwa sababu ufupi na mie hatukulelewa nyumba moja. Lakini nitajitahidi, maana sote tuliokaa humu tuna wagonjwa majumbani, na kila mmoja moyo wake uko huko alikomwacha wake.

Mie wangu ni mume wangu. Jina lake sitalitaja, wala la mtu mwingine yeyote, Mombasa hii ni ndogo. Itoshe niwaambie kwamba alikuwa dalali wa mnada. Akiuza vitu vya watu, makabati, vitanda, mazulia, vyerehani. Alikuwa akisimama juu ya sanduku na kunadi, "Nani? Nani aongeza? Nani?" na sauti yake inafika mtaa wa pili. Hata nyumbani akiomba chumvi ilikuwa kama anainadi. Nikimwambia apunguze sauti, hucheka akasema hiyo ndiyo inayotuwekea chungu jikoni.

Asubuhi moja, yuatia udhu, akaanguka. Kiharusi. Upande wake wote wa kulia ukafa na ulimi ukawa mzito. Hospitali walimtibu wakaniruhusu nirudi naye nyumbani, lakini sauti hakurudi nayo. Dada zangu, mume uliyezoea kumwambia nyamaza, siku akinyamaza kweli, utatamani hata akutukane.

Pale hospitali palikuwa na mama mmoja ambaye kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa kusema upya. Aliniketisha, akaniambia, "Bibi, ulimi wa mumeo haukufa, umelala. Uamshe kila asubuhi, kabla kichwa chake hakijachoka. Chagua neno alilolizoea, mlitamke pamoja, polepole. Kusiwe na kelele, kusiwe na wageni. Miezi hii ya mwanzo mkiichezea, huenda asiseme tena maisha yake."

Kusiwe na wageni! Haya, mwambieni hivyo mtu aliyezaliwa mtaa wa Kibokoni.

Nyinyi mwajua tulivyolelewa. Mtu akisema hodi, mdomo umeshajibu karibu kabla kichwa hakijauliza ni nani. Akiingia, lazima aketi. Akiketi, lazima apate kahawa, na kahawa haiendi peke yake. Na mume wangu alikuwa amezidi. Kwa kuwa yeye mwenyewe alikula kwa kuuza, alituwekea amri: muuzaji asifukuzwe mlangoni petu, anatafuta riziki kama sisi. Amri hiyo niliishika miaka yote ya ndoa yangu, na sikuona kosa lake mpaka alipolala kitandani.

Sasa mwaikumbuka miaka ile bidhaa za nje zilipofurika. Kila kijana aliyemaliza shule akakosa kazi alivishwa tai, akapewa begi, akaambiwa nenda nyumba kwa nyumba. Uchochoro wetu ukawa njia yao. Na walikuwa wamefundishwa, msidhani! Anasimama mlangoni anatoa salamu kamili, "Assalamu alaykum, hodi wenyewe," kwa sauti ya mkwe. Mie niko chumbani na mgonjwa, nimemshika mkono, ndiyo kwanza midomo yake imeanza kukaa sawa, nasikia hodi. Karibu! Limeshanitoka.

Alikuja wa brashi ya kusafishia zulia, akamwaga vumbi sakafuni kwangu makusudi ili anionyeshe linavyoondoka. Alikuja wa vitabu vya watoto, na kwetu mtoto wa mwisho ameshaolewa. Wakaja wa bahati nasibu, wakaja wa sabuni. Halafu habari zikaenea kwamba ndani mna mgonjwa wa kiharusi. Lo! Hapo ndipo nilipojua kuna mafuta ya kuchua mangapi duniani. Kila mmoja na chupa yake, na kila chupa imemnyanyua mtu aliyekuwa amelazwa miaka.

Asiyekuja kwa miguu alikuja kwa karatasi. Ilipenyezwa chini ya mlango, imeandikwa: nakili hii, wape wenzako, usipofanya utafikwa na balaa. Ndugu zangu, balaa yangu nilikuwa nimeshailisha uji asubuhi ile! Nalala nayo chumba kimoja! Na bado nikaketi nikanakili, kwa hofu, mpaka mkono ukauma. Mgonjwa ananitazama tu. Mnacheka, nami sasa nacheka, lakini siku ile sikucheka.

Kosa langu jingine ni kuona haya. Sikujua kukataa. Muuzaji akinibana sana, nilikuwa nasema, "Inshallah, njoo kesho." Sisi kwa sisi mtu akiambiwa hivyo anaelewa, anaaga na heshima yake, harudi. Lakini vijana wale wengi walikuwa wametoka mbali na kwetu. Anatoa kalamu anauliza, "Kesho saa ngapi, mama?" Na kesho anakuja!

Basi asubuhi zikenda hivyo. Mume wangu alikuwa ameshaanza kutoa "mmm" na "maa". Kila tukifika hapo, hodi. Narudi nimechelewa, kichwa chake kimeshachoka, ananiangalia kwa jicho la hasira, halafu hata hasira ikamwisha. Siku moja nilirudi nikamkuta amegeukia ukutani. Nikamwambia haya, tuanze upya. Akafumba macho. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Nilipompeleka kwa yule mama wa hospitali, alimpima, akavua miwani, akaniuliza, "Bibi, mwafanya mazoezi kweli?" Nilitoka pale nikalia njiani, mchana, watu wanapita, na buibui langu limelowa mbele.

Sasa sikilizeni siku iliyonigeuza.

Kulikuwa na kijana wa sufuria. Mpole, tai yake ndefu kuliko yeye. Sufuria zake, alisema, hazitaki mafuta. Nilikuwa nimeshamwambia inshallah kesho, na kesho ikafika, akaja na mkubwa wake, mwanamke mmoja mwenye maneno kama mvua ya masika. Hodi. Karibu. Wakaingia mpaka jikoni, wakawasha stovu yangu, wakakaanga yai langu! Yule mwanamke akachukua kifuniko cha sufuria akanitia mkononi. "Shika tu, mama. Kushika si kununua. Sikia uzito wake."

Nikashika.

Kule chumbani nikasikia ko, ko, ko. Mume wangu anagonga ubavu wa kitanda kwa mkono wake mzima. Pazia la mlango wa chumba lilikuwa wazi, alikuwa ameona yote. Nikakimbilia kwake, na kifuniko bado ninacho. Yeye akaninyang'anya kwa ule mkono wa kushoto, akakitupa kitandani. Halafu akautia mkono wake nyuma ya mgongo, akaubana hapo, akanikazia macho. Mie sikuelewa. Akautoa, akanigusa mikono yangu yote miwili, akautia tena nyuma ya mgongo. Machozi yalikuwa yakimtoka kwa ile juhudi.

Hapo nikakumbuka. Zamani, tukiwa bado wachanga wa ndoa, aliwahi kuniambia siri ya kazi yao. Dalali hodari hataji bei wakati kitu bado kiko mkononi mwake. Kwanza anamshikisha mteja. Kitambaa, saa, kikombe, chochote. Mtu akishashika huona haya kurudisha, na hiyo haya ndiyo anayouziwa. Alikuwa akinisimulia tukicheka sote wawili. Na sasa mtu yule yule, hana sauti, ananiambia kwa mkono mmoja: mke wangu, wamekushikisha.

Nikakichukua kile kifuniko, nikarudi jikoni, nikazima stovu. Nikakiweka juu ya begi lao. Kisha nikaitia mikono yangu nyuma ya mgongo, kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu.

"Chukueni kitu chenu," nikasema. "Sinunui."

Kijana akasema, "Lakini mama, jana uliniambia..."

"Jana niliona haya. Leo sioni."

Yule mwanamke akanisogezea sufuria nyingine, "Dakika mbili tu, mama, hii ndogo ishike..." Sikutoa mikono. Nikamwambia, "Dada, humu ndani mna mtu anayetafuta ulimi wake, na kila dakika mbili zenu natoa katika zake. Nakuombea riziki, lakini leo si kwangu. Tokeni." Wakakusanya vyao. Yule kijana aligeuka mlangoni akatazama lile pazia, akanyanyua mkono kumuaga mgonjwa. Yai walituachia. Tulilila.

Msidhani kesho yake nilikuwa shujaa. Hodi ya kwanza nilisimama nyuma ya mlango nikijiuma mdomo ili lile neno karibu lisinitoke. Nilijibu salamu, maana salamu ni haki ya mtu, kisha nikasema, "Leo hatununui, na kesho hatununui." Sikufungua. Nikahisi nimemtukana marehemu mama yangu. Lakini nikarudi chumbani, nikamkuta mume wangu amegeuka. Hatazami tena ukuta. Ananitazama mie, na midomo ameshaiweka tayari.

Jirani yangu aliposikia, na kwetu jambo halikosi kusikika, akahamishia kazi yake kwenye daka letu, kile kibaraza cha mawe mlangoni. Kila asubuhi anaketi pale anasuka ukili wa mkeka. Mwenye begi akitokea, jirani hamtukani, anamuuliza hali, anamuuliza kwao, anamuuliza mamake hajambo, mpaka kijana mwenyewe anachoka anakwenda zake. Wale wenye chupa za mafuta aliwaambia wajipake kwanza wao. Na karatasi za kutishana zikija, alikuwa akiwashia mkaa.

Ndani, sisi tuko kazini. Yule mama wa hospitali alisema chagua neno alilolizoea. Nikawaza, mtu huyu amesema neno gani zaidi ya yote maishani mwake? Si jina langu, nawaambia ukweli! Ni lile la kwenye sanduku. Nani. Basi tukashika hilo. Mie naanza, "Na..." Yeye anasukuma, jasho linamtoka. Asubuhi baada ya asubuhi. Siku nyingine hakitoki kitu, tunafunga kazi, tunakunywa chai. Nilikuwa nimekata shauri: mlango utafunguka nikitaka mie, na ulimi ule utaamka.

Asubuhi moja jirani hakuwapo, alikwenda Tononoka kwa mwanawe. Tumo katika kazi yetu, nikasikia, "Hodi!" Nikainuka kwa hasira. Sijafika kwenye pazia, nikasikia nyuma yangu:

"Na-ni?"

Ndugu zangu. Nilikaa sakafuni pale pale. Akarudia, kwa nguvu, na mnada umo ndani yake: "Nani?"

Sauti ikajibu kutoka nje, "Ni mimi, baba. Yule wa sufuria. Sikuja kuuza. Nimekuja kumwangalia mgonjwa." Nikachungulia. Hana tai, hana begi. Ana machungwa kwenye kikapu.

Nikamtazama mume wangu. Akaniitikia kwa kichwa. Basi nikafungua mlango, nikasema karibu. Na karibu ile, wenzangu, ilikuwa na utamu ambao nilikuwa nimeusahau, kwa sababu niliitoa mwenyewe, nikijua nampa nani. Alikunywa kahawa, na mume wangu akamuuliza nani, nani, nani mpaka kijana akacheka.

Namshukuru Mungu kwanza. Namshukuru yule mama wa hospitali aliyeniambia kweli, na jirani yangu, huyo hapo anajificha nyuma ya mlango, mkeka wake umeshakwisha na sasa ameanza wa pili. Namshukuru hata kijana wa sufuria. Nanyi nawashukuru kwa kunistahimilia.

Ninalowaachia ni hili. Wako wengi wanaotaka asubuhi zenu, na wanaomba kwa adabu. Mgonjwa wako hawezi kuomba kwa adabu, amelala tu anakungoja. Muuzaji ana milango mingine, mgonjwa ana wewe. Ulizeni kwanza ni nani, ndipo mseme karibu. Na kukataa hakuui. Mie nilikuwa nadhani nitakufa, na niko hapa nimesimama.

Leo nikijifunga buibui kuja kwenu, nilimwambia mume wangu nakwenda kuwahadithia wanawake wenzangu habari zetu, je, ana neno la kuwapelekea? Akafikiri. Aliniweka pale mlangoni muda mrefu, midomo ikitafuta njia, nami nikamngojea, maana siku hizi sina haraka na yeyote isipokuwa yeye. Akautoa mkono wake wa kushoto chini ya shuka. Hakuutia nyuma ya mgongo. Aliniinulia kidole, akasema:

"Waa-mbie... wasi-shike."