Siku Mama Mkwe Aliponilisha Uji

Wapendwa, nashukuru kwamba nimesimama tena hapa Kitale na mmekubali kunisikiliza. Sitataja jina la mtu, kwa maana walio wengi wako hai na sikuwaomba ruhusa. Zamani nilizoea sana kusimama mbele namna hii. Hata hilo ni sehemu ya ushuhuda wangu.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa dereva wa trekta katika shamba moja kubwa la mahindi, nje kidogo ya mji huu. Kanisani nilikuwa mzee wa kanisa, tena mhubiri. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na suti ya kahawia, na nilikuwa na jibu kwa kila swali. Ndugu zangu, nawaambia ukweli hata kama unanichoma: palikuwa na ndugu mmoja aliyekuwa na kidonda mguuni, mwaka mzima hakiponi. Nilimwekea mikono mbele ya watu. Alipozidi kuchechemea, nikamwambia hadharani aangalie imani yake, kwa maana kwa Mungu hakuna kasoro. Yule ndugu aliinamisha kichwa, na Jumapili iliyofuata hakuja. Mimi nilikwenda nyumbani nikala vizuri.

Msimu wa kulima ulipofika, trekta ilichemka katikati ya shamba. Nilijua unangoja ipoe. Ni mimi niliyewafundisha wenzangu hivyo. Lakini siku hiyo nilikuwa na haraka, nikafungua mfuniko wa rejeta. Maji ya moto yakaruka, nikakinga uso kwa mikono yote miwili. Uso ukasalimika. Mikono ikaungua mpaka karibu na viwiko.

Ngozi ilipoanza kushikana, vidole vilijikunja vikakataa kunyooka. Kazi ikaisha. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu. Tukafunga vitu, tukachukua binti zetu wawili wadogo, tukarudi kwetu upande wa Sirisia.

Huko mke wangu akawa mikono ya nyumba nzima. Alilima, alibeba ndizi kichwani mpaka soko la Chwele, akirudi ananiosha, ananivalisha, ananilisha. Sikumsikia akilalamika. Aliyekuwa akilalamika ni mimi, tena moyoni, ambako hakuna wa kukujibu. Nilijiambia kwamba nimemtumikia Mungu miaka yote hiyo, si angenilindia hata mkono mmoja? Ndugu wa kanisa walipokuja kuniombea, niligeukia ukuta. Mwishowe niliacha kuomba kabisa. Sikuacha kwa kelele. Niliacha tu, jinsi mtu anavyoacha kwenda kwa jirani aliyemnyima chumvi.

Kisha mke wangu naye akaugua. Miguu ilivimba, presha ikapanda, na kule hospitali ya misheni Lugulu wakasema hatoki kitandani mpaka ajifungue. Ndipo mama yake alipokuja kukaa na watoto.

Nyinyi mliozaliwa kwetu mmeshaelewa shida ilipo. Lakini naona wageni hapa, basi niwaeleze. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Ni heshima, na mama huyo aliishika heshima hiyo kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alilala jikoni na watoto. Nyumba yangu hakuikanyaga. Chakula alimpa binti yangu mkubwa, naye ndiye aliyenitilia kijiko mdomoni.

Siku ya tano watoto wote wawili wakashikwa na malaria. Yule mkubwa hakuweza hata kukaa. Ndugu zangu wa kiume walikuwa mbali wakitafuta vibarua, na majirani walikuwa shambani. Mchana, nikasikia nyayo za mama zikija mpaka mlangoni. Akaweka bakuli la uji juu ya kigoda, pale pale kwenye kizingiti, akarudi.

Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nikapiga magoti nikainama ninywe kwa mdomo, jinsi ng'ombe anavyokunywa. Kidevu kikagonga bakuli, uji wote ukamwagika. Nikakaa sakafuni kando ya ule uji, mzee wa kanisa mzima, nikalia kwa sauti.

Nyayo zikarudi. Safari hii hazikusimama mlangoni. Mama mkwe wangu akaingia na bakuli jingine, akavuta kigoda, akaketi mbele yangu. Nilitaka kutambaa nijifiche nyuma ya kitanda. Akaniambia kwa Kibukusu, taratibu kabisa, "Mkwe wangu, nimekuja kukulisha. Ukiona haya, funga macho. Mimi sitafunga, nisije nikakumwagia."

Mnacheka, na hata mimi leo nacheka. Siku hiyo nilifumba macho, nikafungua mdomo, nikala kama mtoto. Bakuli lilipoisha, aliniosha uso kwa kitambaa, kisha akaomba. Mimi niliyezoea kuomba saa nzima nilisikia ombi lisilozidi pumzi moja: "Baba, asante, amekula." Basi. Hakuniombea mikono. Hakumkumbusha Mungu kitu chochote. Alishukuru kwa uji, akainuka, akaenda kuangalia watoto.

Ndugu zangu, nawaambia, nimehudhuria mikutano mikubwa, nimesikia wahubiri wakitoa jasho. Hakuna mahubiri yaliyonivunja kama maneno yale matatu.

Alinilisha hivyo siku kumi na mbili. Habari zikasambaa, na wazee wa ukoo wakaja kusema kwamba mila imevunjwa. Nilikuwa ndani, nikisikia kila neno. Mama aliwakaribisha uani, akawapa heshima yao yote, akakubali kwamba amevunja, na kama kuna la kutengeneza litatengenezwa. Halafu akawauliza, "Sasa nani kati yenu atakuja kumlisha leo saa saba?" Mzee mmoja akauliza kama kuna chai. Lakini msidhani ilikuwa rahisi kwake. Sokoni Chwele wanawake walimcheka machoni, na dada yake wa tumbo moja alikaa miezi bila kumsalimu. Aliyabeba hayo, na kila saa saba alikuwa pale na bakuli.

Siku moja nilipata ujasiri nikamuuliza anaombaje, maana nilijua alikuwa amezika mume na watoto watatu. Alisema kila asubuhi anatafuta kitu kimoja cha kushukuru. "Na siku usipoona kitu?" nikamuuliza. Akajibu, "Namwambia sioni kitu. Hata hapo si nimeongea naye?"

Jioni hiyo nilianza kuomba tena. Nilimwambia Mungu kwamba nimemkasirikia na sioni kitu. Nilitegemea aibu, nikapata pumziko. Imani yangu ya kweli ninaihesabu kuanzia hapo. Ile ya suti ya kahawia ilikuwa yangu mwenyewe, hii nilipewa.

Mke wangu alirudi kutoka Lugulu akiwa amembeba mtoto wa kiume, wote wazima. Siku hiyo hiyo mama mkwe akarudi kwenye heshima yake. Akaniaga akiwa nje, akiwa ameelekea pembeni, kana kwamba hajawahi kuniona nikilia. Hakunidai hata shukrani.

Vidole vya mkono wa kulia havikunyooka. Wa kushoto ulirudi kiasi cha kushika panga na kumwagilia maji, na leo kwangu nina kitalu cha vitunguu na sukuma wiki ambacho mke wangu anajivunia kuliko mimi. Nilipopata nguvu nilikuja Kitale kumtafuta yule ndugu wa kidonda. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Nikamwomba msamaha mbele ya watoto wake. Alinisogezea gunia nikae, akaniuliza kama mikono inauma wakati wa baridi.

Namshukuru mke wangu, aliyenibeba akiwa amebeba mtoto. Nawashukuru wauguzi wa Lugulu, na mchungaji wa kule nyumbani, aliyeketi na mama mkwe wangu kanisani Jumapili ambayo wengine walimwachia benchi peke yake. Na yeye mama namshukuru Mungu kwa ajili yake, maana nikimshukuru mwenyewe anakimbia.

Basi wapendwa, sina somo kubwa. Mtu akiwa katika shida, msimpime imani; yaani msifanye nilivyofanya mimi. Ukienda kumwona mgonjwa, kabla hujafungua Biblia, muulize kama amekula.