Mapipa Yaliyo Chini ya Chumba Changu

Sogeeni karibu, wanangu. Mukasine, keti hapa miguuni, na wewe Bahizi zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kulisema jambo hili mara mbili, na nikilikatisha leo sitalianza tena.

Mnajua niliporudi nchini na mama yenu kutoka Karagwe sikuwa na kitu ila mikono, na kiwanja hiki cha Rugerero ndicho ardhi ya kwanza niliyowahi kuiita yangu. Hapo nyuma ya nyumba nilivunja betri kuukuu za magari, nikayeyusha madini ya risasi yaliyomo, nikawauzia wavuvi wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, vipande vya kuzamishia nyavu zao. Kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha. Maji makali ya betri na vumbi la risasi nilivimwaga pale pale uani, mvua ikavibeba hadi kwenye chemchemi ya bondeni, na huko ndiko jirani yetu Mukandutiye, mama yake Cyuzuzo, alikochota maji ya kumpikia mjukuu wake, Kirezi.

Mtoto alikuwa na miaka mitano alipoanza kushikwa na tumbo, akapauka, akawa anasahau hata majina ya vyombo vya nyumbani. Hospitali wakampima damu, wakakuta risasi. Siku Mukandutiye aliponieleza, amesimama langoni analia, nilijua papo hapo imetoka wapi, nikamwambia, "Pole, mama Cyuzuzo, labda ni mawe ya huko chini." Niliogopa kufukuzwa kwenye ardhi hii. Sababu ni hiyo tu, msinitafutie nyingine.

Betri niliziacha wiki ile ile. Kisha nikamwendea mwalimu Resty, yule wa kemia aliyekulia Uganda, nikamdanganya naye kwa habari ya mawe, akanifundisha. Nilikusanya magunzi ya mahindi yanayotupwa sokoni Mahoko, nikayachoma ndani ya pipa lililozibwa yasipate hewa, nikayasaga, nikayaloweka kwa maji ya majivu, nikayachoma tena na kuyaosha, mpaka yakawa makaa yenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji yakipita humo, risasi inanaswa. Nikajenga tangi pale chemchemini, mchanga juu, makaa chini. Resty akapeleka maji kupimwa, yakaonekana ni salama. Watu wakanipigia makofi, nanyi mkanitundikia cheti cha shukrani ukutani, nami kila nikikitazama nageuza uso.

Lakini risasi haifi, wanangu. Makaa yakishajaa hayana budi kutolewa, kila miezi mitatu, na yakitoka yanatoka na sumu yote ile. Ningeyatupa wapi? Shambani yangerudi majini. Jalalani mtu mwenye shida angeyaokota akapikie. Nikachimba shimo ndani ya chumba hiki, nikayashindilia kwenye mapipa, nikaweka mbao na kitanda juu. Ndipo hapa ninapolala. Bahizi, ulipooa Goma nisije, ulisema nina kiburi, nawadharau wakwe zako. Niliogopa kuondoka hata siku moja, mtu asije akafunua. Mpaka wa kuvukia Goma uko karibu hivi, kwa pikipiki ni dakika chache, na miaka tisa sikuuvuka.

Jana mlipokwenda sokoni nilimwita Mukandutiye nikamwambia yote. Kisha akasema, "Baba Mukasine, miaka tisa unaniona napita na bidoni yangu ya maji, unanisalimia?"

"Ndiyo."

"Na Kirezi iko na miaka kumi na ine, kusoma hajue. Ulikuwa unamuona?"

"Nilimwona."

Sikumwomba msamaha, niliona ningemtwisha mzigo mwingine. Alipofika mlangoni akageuka. "Bon. We ukishakufa, ile makaa nani atabadilisha?" Akaenda zake.

Sasa sikieni. Bahizi, yule mnunuzi wa kiwanja uliyemleta anataka kujenga hoteli hapa. Vibarua wake wakichimba msingi watayatoboa mapipa, nayo yameshaanza kula kutu. Usimuuzie. Kesho nenda na Resty kwa wakubwa wa mazingira, barua nimeshaitia sahihi, waje wayachukue kwa utaratibu wao. Huenda wakaifunga nyumba, msibaki na hata chumba kimoja, nami sina kingine cha kuwaachia.

Mukasine, najua mwezi ujao unaanza kazi Kigali. Sina haki ya kukuomba ubaki uyabadilishe makaa ya chemchemini, na bado nakuomba. Makaa mapya yako stoo, magunia manne, yatatosha mwaka mmoja hivi. Usinitazame hivyo, mama. Ukienda, baraka yangu iende nawe. Ukibaki ni ile ile, sikupunguzii.

Ngojeni... nipeni maji kidogo.

Mungu awafungulie nilipowafungia. Awape watoto wenye vichwa vyepesi, wasome, wawazidi ninyi... na mkikosa, mseme mapema, mseme mngali na nguvu ya kusimama.

Sasa nitoeni humu. Nibebeni hadi uani, hata kwenye mkeka... sitaki chumba hiki kiwe cha mwisho. Bahizi, shika mabega. Taratibu... taratibu, mwanangu. Mukasine, fungua mlango wote.