Nati ya Chini ya Giaboksi

Sogeeni, Mazin na Huwaida, na wewe Huwaida niinulie mto huu, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki kuimaliza kwa kupiga kelele. Mimi Humaid, baba yenu, niliyeuza boti kuukuu hapa Tanga miaka arobaini, nakufa akili zangu zikiwa timamu, basi mtakayoyasikia yashikeni hata yakiwachoma.

Mazin, usilie. Kununua boti hujui, kulia utajua?

Siku nane zilizopita ulikuja hapa kitandani unacheka, ukanambia umenunua boti Pangani kwa Mwinyijuma, ina rangi mpya, inanguruma vizuri, na Ijumaa hii inayokuja utampakia mkeo na wanao muende harusini Pemba. Nikakuuliza, uliifungua nati ya chini ya giaboksi ukaitazama oili? Ukajibu, "Baba, niliona haya. Niliposhika spana mzee aliniuliza, 'Unanipima, mwanangu?'" Nimenyamaza siku zote nane nione kama utazinduka mwenyewe, na wewe kila ukija ni habari za rangi na matakia ya viti. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Maneno hayo ya 'Unanipima' ni yangu, mwanangu. Mwinyijuma alikuwa fundi wangu, na aliyasikia kinywani mwangu siku nilipomuuzia boti Uweso, mume wa Semeni. Uweso aliniamkia shikamoo, akanibusu mkono, nami nikamkalisha kwa kahawa na halua huku mashine ikinguruma tangu alfajiri, kwa sababu mashine ya moto husitiri mengi. Na giaboksi nilikuwa nimeishindilia grisi nzito na unga wa mbao, ili gia zilizolika meno zisisikike zikigongana. Akaomba mashine izimwe, akaishika shafti inayozungusha pangaboi, ikacheza mkononi mwake, nikauona uso wake ukibadilika. Akachukua spana. Nikamwambia, "Unanipima, mwanangu?" Akaiweka chini, akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi!

Mwezi haukuisha. Mtikisiko ulikata boliti, shafti ikachomoka kwa nyuma katikati ya mkondo wa Pemba, ikaacha tundu la kiasi cha kikombe cha kahawa, na maji yakaingia. Abiria waliokolewa, Uweso hakuonekana tena. Nikaenda matangani, nikala ubwabwa wa Semeni, nikamwambia ni kudra ya Mungu, kisha nikarudi nyumbani nikalala usingizi mzuri. Nililala, wanangu. Hilo ndilo linalonitisha sasa.

Huwaida, wewe niliyekutukana kwamba mwanamke hana kazi gereji, ndiye mwenye mkono. Kesho asubuhi nenda Pangani na ndugu yako, mashine ikiwa baridi, haijawashwa na mtu. Fungueni nati. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Isugueni kwa vidole, ikikwaruza huo ni unga wa chuma. Ikitoka na unga wa mbao, mpelekeeni Mwinyijuma salamu zangu. Kisha inueni shafti kwa mikono miwili pale kwenye bushi inayoishikilia, na ikicheza, boti hiyo asiipande mtoto wa mtu. Mwinyijuma atanuna, atataja swala zake na mvi zake. Mficha uchi hazai. Fungueni mbele yake.

Vyangu vingine gawaneni kwa sheria, mrithi hana wosia. Lakini theluthi yangu ni yangu, nayo ni ile boti nzima, isiyo na ubovu, iliyopo hapa Raskazone: apewe Semeni. Na mwambieni sababu, msinipambie. Akija kulitemea mate kaburi langu, mpisheni.

Maji... kidogo tu. Basi, yatosha.

Nilikulea kwa adabu, Mazin, ubusu kila mkono wenye mishipa, na miaka yote mimi nilikula kwa adabu za watoto wa wenzangu. Mungu akulindie wanao. Akujaalie... akujaalie uso mkavu. Na wewe binti yangu, akupe... radhi zangu unazo, hata kama... huzitaki.

Hapana, Mazin. Usinibusu mkono. Uweso naye... alinibusu. Kafungue nati.